Mufti: Kutoka Kiti cha Fatwa hadi Nguo za Kiraia

1. Utangulizi

Mfasiri wa Kiswahili anayesoma riwaya za Kiingereza au kumbukumbu za maafisa wa jeshi la Uingereza hukutana na neno asilolitazamia mahali pale. Afisa amerudi kutoka kazini, amevua sare yake, amevaa suruali na koti la kawaida. Mwandishi anasema kwamba sasa yumo “katika mufti”. Neno hili halimlazimu Mswahili kufungua kamusi. Analijua tangu utotoni: Mufti ni mwanachuoni wa sheria ya Kiislamu, mwenye mamlaka ya kutoa fatwa. Tanzania ina Mufti, Uganda ina Mufti. Basi mfasiri asipokuwa mwangalifu atamvika afisa huyo kanzu, joho na kilemba, na kumketisha msikitini, hali mwandishi alitaka kusema tu kwamba mtu huyo alivaa nguo za kiraia.

Si kwamba maneno haya mawili yamefanana kwa bahati. Ni neno moja. Ila limefika kwetu kwa njia moja na kwa Waingereza kwa njia nyingine, na katika njia hiyo ya pili limepoteza kiti chake na kubaki na nguo tu. Makala haya yanakusudia kufuata safari hiyo, kupima maelezo yaliyotolewa na wanakamusi, kisha kulinganisha jinsi Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili vilivyoyaita mavazi ya mtu asiye askari. Tutaona kwamba swali linaloonekana dogo, la jina la nguo, linagusa jambo kubwa: jinsi kila lugha inavyomwona mtu asiyebeba silaha.

2. Asili ya neno katika Kiarabu

Kiarabu hujenga maneno yake juu ya mizizi ya konsonanti. Mzizi unaotuhusu hapa umezaa kitenzi aftā, maana yake kutoa rai juu ya jambo la sheria. Kutoka kitenzi hicho hupatikana jina la mtendaji, muftī, yaani mtoa rai, na jina la kile kinachotolewa, fatwā. Kiswahili kimeyapokea yote mawili, mufti na fatwa, pamoja na maana zake, kwa sababu kimeyapokea pamoja na elimu yenyewe. Msomi wa pwani aliyesoma vitabu vya fikihi hakuchukua sauti tupu. Alichukua pia cheo, wajibu na heshima iliyoambatana nacho.

Inafaa kukumbuka tofauti kati ya mufti na kadhi. Kadhi huhukumu kati ya wagomvi wawili, na hukumu yake hutekelezwa. Mufti hahukumu, yeye huulizwa swali na kulijibu kwa mujibu wa sheria. Nguvu yake imo katika elimu. Katika dola ya Uthmaniya, Mufti wa Istanbul, aliyeitwa Sheikh al-Islam, alifikia daraja ya juu kabisa miongoni mwa wanavyuoni, hata fatwa yake iliweza kuhalalisha kuondolewa kwa Sultani katika kiti cha enzi.

Jamii ya dola hiyo iligawanywa makundi mawili, na majina ya makundi hayo yatamshangaza Mswahili. Kundi la kwanza liliitwa askeri: wanajeshi, maafisa wa serikali na wanavyuoni, watu wasiolipa kodi za kawaida. Kundi la pili liliitwa reaya: wakulima, mafundi na wafanyabiashara, yaani walipa kodi. Hayo ndiyo askari na raia wa Kiswahili, maneno yaliyotoka katika chemchemi ileile ya Kiarabu. Hapa tuweke alama, maana tutarudi: katika mgawanyo huo mufti alikuwa upande wa askeri. Mavazi yake nayo hayakuwa nguo za mapumziko. Yalikuwa mavazi ya cheo, yenye kanuni zake. Hata mwaka 1829, Sultani Mahmud wa Pili alipowaamuru watumishi wa serikali kuvaa tarbushi, kilemba na joho viliachwa kuwa vazi la wanavyuoni.

3. Neno laingia Ulaya

Kiingereza kililijua neno mufti, kwa maana yake ya sheria, tangu karne ya 16, kwa njia ya wasafiri na wafanyabiashara waliofika katika nchi za Uthmaniya. Katika karne ya 17 mufti akapanda jukwaani. Mwishoni mwa mwaka 1669 mjumbe wa Sultani, Süleyman Ağa, alipokewa na Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Oktoba 1670, katika kasri la Chambord, ulionyeshwa mbele ya mfalme mchezo wa Molière, Le Bourgeois gentilhomme. Ndani yake mna sherehe ya “Kituruki” ya mzaha, ambamo tajiri mjinga anadanganywa kwamba anapewa cheo cha kigeni. Anayeongoza sherehe hiyo ni mufti, na mchezaji aliyemwigiza siku ile alikuwa mtunzi wa muziki mwenyewe, Jean-Baptiste Lully. Mufti huyo huimba kwa lingua franca, lugha ya mchanganyiko iliyotumiwa na mabaharia na wafanyabiashara wa Bahari ya Mediterania, na katika sherehe huvaa kilemba kikubwa kupita kiasi, kilichozungushiwa mishumaa inayowaka.

Hivyo Ulaya ilikuwa na mufti wawili. Mmoja alikuwa mwanachuoni halisi, aliyetajwa na wasafiri na mabalozi. Mwingine alikuwa mtu wa jukwaa, wa kuchekesha. Kwa mwenye kuchunguza historia ya maneno, jambo hili si dogo. Neno likishaingia katika mzaha, hulegea, na neno lililolegea huweza kubandikwa juu ya kitu chochote.

4. Kutoka mtu hadi nguo: maelezo ya wanakamusi

Maana mpya, ya nguo za kiraia zinazovaliwa na mtu ambaye kwa kazi yake huvaa sare, inaonekana katika maandishi ya Kiingereza mwaka 1816. Ilikuwa lugha ya mtaani ya wanajeshi, na hasa inahusishwa na Waingereza waliotumikia Bara Hindi.

Mwaka 1886 Henry Yule na Arthur Coke Burnell walitoa kamusi yao mashuhuri, Hobson-Jobson, inayokusanya maneno ya Waingereza wa Bara Hindi. Wao walikubali kwamba maana ya nguo imetokana na cheo cha Kiislamu, lakini walisema wazi kwamba njia ya kutoka maana moja hadi nyingine haionekani vizuri. William Crooke, aliyehariri chapa ya mwaka 1903, akaongeza pendekezo. Kwa maoni yake huenda neno lilihusu kwanza joho la nyumbani, kofia ya kuvutia tumbaku na sapatu, mavazi ambayo afisa aliyavaa akipumzika na ambayo yalifanana na ya mufti wa jukwaani, yule wa Molière. Maelezo hayo yamerudiwa tangu hapo katika kamusi nyingi, mara kwa neno “huenda”, mara bila hilo neno.

Tuyapime. Mwenye kudai asili ya neno anapaswa kutoa mambo matatu: sauti zilingane, maana ziweze kuungana, na njia ya kihistoria ionekane, yaani watu, mahali na wakati. Jambo la kwanza halina taabu. Sauti ni zilezile. Mashaka yamo katika la pili na la tatu.

Kwanza, kati ya mchezo wa mwaka 1670 na maandishi ya mwaka 1816 kuna karibu miaka 150, na mchezo wenyewe ni wa Kifaransa. Pili, mufti wa Molière hakuvaa kofia laini na sapatu. Alivaa kilemba cha mishumaa. Aliyemkumbuka mufti huyo asingemfananisha kwa urahisi na afisa aliyejinyoosha barazani na kiko chake. Tatu, kofia ya kuvutia tumbaku yenye kishada, anayoitaja Crooke, ilikuwa vazi lililopendwa hasa katikati ya karne ya 19 na baadaye, katika enzi ya Malkia Victoria. Crooke aliandika akiwa na picha ya wazee wa zama zake akilini, akairudisha nyuma hadi zama za babu zao. Hili ni kosa ambalo kila mtafiti wa etimolojia anapaswa kuliogopa: kulieleza neno la zamani kwa vitu vilivyozaliwa baada yake.

5. Njia iliyo karibu zaidi

Je, tuitupe hoja yote? La. Kiini chake ni kizuri. Kinachohitaji kurekebishwa ni mashahidi wake. Mashahidi walio karibu zaidi wapo, na wawili kati yao wanatoka pande za Bahari ya Hindi.

Shahidi wa kwanza ni joho lenyewe. Tangu karne ya 17 mabwana wa Kiingereza walizoea kuvaa nyumbani joho pana la hariri au pamba, lililoshonwa kwa kufuata mitindo ya Asia. Samuel Pepys, mtumishi mashuhuri wa ofisi ya jeshi la majini, alipochorwa picha yake na John Hayls mwaka 1666, alikodi joho la Kihindi ili achorwe nalo. Pamoja na joho hilo mtu alivaa sapatu, na kichwani, kwa kuwa wengi walinyoa ili kuvaa nywele za bandia hadharani, aliweka kofia laini au kitambaa kilichofungwa mithili ya kilemba. Vazi hili, basi, lilikuwako karne nzima na zaidi kabla ya mwaka 1816.

Na jina lake? Waingereza waliliita joho hilo banyan. Mswahili analitambua mara moja: ni Baniani wetu, mfanyabiashara wa Kihindu kutoka Gujarati, yule ambaye methali yasema kwamba ni mbaya lakini kiatu chake dawa. Jina la kundi la watu liligeuka kuwa jina la nguo, ingawa joho hilo halikuwa vazi la Baniani. Waingereza walitaka tu jina lenye harufu ya Mashariki kwa nguo yenye sura ya Mashariki. Kama jina la mfanyabiashara liliweza kufanywa nguo hivyo, si ajabu jina la mwanasheria likafuata mkondo uleule.

Shahidi wa pili ni mahakama za Bengal. Kampuni ya Uingereza ya Bara Hindi ilipochukua mamlaka huko, ilikuta sheria ya Kiislamu ikitumika katika mashauri ya jinai, ikaiendeleza kwa muda. Mpango wa Warren Hastings wa mwaka 1772 uliwaweka makadhi na mufti katika mahakama hizo. Mwaka 1790 Lord Cornwallis aliwaweka Waingereza kuwa mahakimu, lakini kadhi na mufti walibaki kando yao ili kuwatolea fatwa. Hali hiyo iliendelea hadi karne ya 19 kupita nusu. Vyeo vya maafisa hao wa sheria viliondolewa kwa sheria ya mwaka 1864. Kwa hiyo Mwingereza wa Bengal wa mwaka 1800 au 1810 hakuhitaji Molière ili amjue mufti. Alimwona mahakamani, ameketi karibu na hakimu wa Kiingereza, katika vazi pana la heshima. Afisa kijana aliyevua koti lake jekundu lenye vifungo vya kubana, akavaa joho na sapatu, angeweza kutaniwa na wenzake kwamba leo amekuwa mufti. Utani wa kambini huzaliwa hivyo, hurudiwa, na hatimaye anayecheka husahau anacheka nini.

Hoja hii inaiunganisha maana na mahali, watu na wakati kuliko ile ya jukwaa la Ufaransa. Haiufukuzi mzaha wa jukwaani, ambao uliwatayarisha watu wa Ulaya kumcheka mufti. Inaupunguzia tu kazi.

6. Maana yazidi kupanuka

Neno likishaacha asili yake huenda mbali. Joho likasahauliwa; mufti ikawa nguo yoyote isiyo sare, hata suti ya kibepari na tai. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, H. C. McNeile, afisa aliyeandika kwa jina la Sapper, alitoa riwaya yenye jina Mufti, na msomaji wa Kiingereza hakutafuta ndani yake mwanachuoni wala fatwa; alielewa kuwa ni habari za askari na maisha yasiyo ya sare. Katika Uingereza, Australia na New Zealand shule nyingi zina “siku ya mufti”, ambapo wanafunzi huja na nguo zao za nyumbani na aghalabu hutoa pesa kidogo kwa ajili ya kusaidia wahitaji. Mtoto wa Auckland anayengojea siku hiyo kwa hamu huenda asijue kabisa kwamba anataja cheo cha mwanachuoni.

Wanaisimu huita jambo hili kushuka kwa maana. Lakini hapa neno halikushuka tu, limepinduka. Mufti wa Uthmaniya, tuliyemwekea alama hapo juu, alikuwa katika kundi la askeri na mavazi yake yalikuwa ya cheo. Katika Kiingereza jina lake limekuwa vazi la mtu ambaye kwa saa ile si askari na hana cheo. Mwenye sare alilichukua jina la sare ya mwingine akalifanya jina la kutokuwa na sare, kwa sababu machoni pake heshima ya yule mwingine haikuonekana.

7. Kifaransa na Kiswahili

Wafaransa nao walikuwa na neno lao la kambini. Katika jeshi la Napoleon mtu asiye askari aliitwa pékin, na nguo za kiraia zikaitwa kwa jina hilo pia. Wataalamu wamebishana juu ya asili yake. Baadhi yao hulihusisha na kitambaa cha hariri kilichoitwa kwa jina la mji wa Uchina. Iwe iwavyo, tabia ni moja: askari akimtazama asiye askari humpa jina la kigeni na la dharau kidogo. Lugha rasmi ya Kifaransa ilichagua njia nyingine, ikasema civil, kutoka Kilatini civis, mwananchi. Katika miji yetu ya Kongo neno hilo limeingia midomoni kwa matamshi ya sivili, nalo hutumika sambamba na kiraia.

Kiswahili hakikutumia mzaha. Kilisema nguo za kiraia. Lakini raia ni nani? Katika Kiarabu raʿiyya ni kundi la wanyama linalochungwa, kutoka kitenzi chenye maana ya kuchunga. Kisha, kwa mfano, ni watu walio chini ya mtawala kama kondoo walivyo chini ya mchungaji. Hilo halikuwa neno la haki. Lilikuwa neno la utii na kodi. Hata hivyo, katika Kiswahili limepanda. Leo uraia ni hali ya kuwa mwananchi wa nchi fulani, mwenye haki na wajibu mbele ya sheria. Neno la kundi la mifugo limekuwa neno la mtu huru, wakati neno la mwanachuoni mkuu limekuwa jina la nguo za mapumziko. Tukiyaweka maneno haya mawili kwenye mizani, tunaona kwamba asili ya neno haiamui mwisho wake. Wanaoamua ni wasemaji.

Lugha zetu pia zina nguo zilizopewa majina kwa historia. Merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilibeba jina la Marekani, kwa kuwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Misafara ikakipeleka hadi Ujiji na Manyema kama fedha ya kununulia. Na abakosti ya Zaire ilitokana na maneno ya Kifaransa yenye maana “suti na iangushwe”. Ilikuwa vazi la lazima la wanaume wa serikali katika miaka ya 1970 na 1980, hadi hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990 ilipowaruhusu watu kuvaa tena suti na tai. Maneno haya mawili ni walimu wazuri kwa wanafunzi wetu, kwa sababu ushahidi wake upo wazi: twajua nani, wapi na lini. Hayo ndiyo yanayotakiwa kwa kila neno tunalodai kulijua asili yake.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba mufti ya Kiingereza na mufti ya Kiswahili ni neno moja lililotembea njia mbili. Maelezo yanayolifunga kwenye jukwaa la Molière hayatoshi kwa tarehe wala kwa mavazi. Mazoea ya joho la Kiasia nyumbani, pamoja na mufti halisi wa mahakama za Kampuni, yanatupa njia iliyo karibu na inayoaminika zaidi. Mfasiri, kwa upande wake, aandike “nguo za kiraia”, asimvishe afisa kilemba.

Lakini kwa wasomaji wa nchi yetu jambo haliishii kwenye tafsiri. Kanuni za Hague za mwaka 1907 ziliwataka hata wanamgambo wavae alama ya kudumu inayotambulika kwa mbali, na Itifaki za Geneva za mwaka 1977 zimeweka wazi kwamba raia wasifanywe shabaha ya mashambulizi. Sheria hizo zinategemea kitu kinachoonekana kwa macho: nguo. Watu wa mashariki ya Kongo wamejifunza kwa gharama kubwa maana ya siku ambayo mwenye bunduki amevaa kiraia, na siku ambayo aliyevaa kiraia hakuhesabiwa kuwa raia. Kiingereza kiliweza kuziita nguo hizo kwa utani wa kambini. Kiswahili kimeziita kwa jina la mwenye nazo, na jina hilo lafaa kulindwa pamoja naye.